Congiuntivo imperfetto inapogoma: dalili, sababu na tiba kwa mzungumzaji wa Kiswahili

Makosa ya congiuntivo imperfetto, umbo la kitenzi cha Kiitaliano linalotumiwa hasa baada ya kutaka, kudhani au kuweka sharti, hayaji ovyo. Mseminari anayesoma Roma, mtembeza watalii wa Malindi au Kiwengwa aliyeokota Kiitaliano ufukweni kwa kusikia tu, na mkazi wa Milano anayetafuta cheti cha ngazi ya B1, ambacho tangu mwaka 2018 hudaiwa kwa mtu anayeomba uraia wa Italia, huleta sentensi zinazofanana sana, zimevunjika mahali palepale. Ni nadra kosa hilo kutokana na kusahau jedwali la vitenzi. Mara nyingi jedwali linajulikana vizuri, ila Kiswahili kimekwisha kuamua sentensi itakavyokaa kabla Kiitaliano hakijapewa nafasi.

Maumbo ya kawaida ni haya, na yatarejelewa chini mara kwa mara. Parlare hutoa parlassi, parlassi, parlasse, parlassimo, parlaste, parlassero. Credere hutoa credessi, credessi, credesse, credessimo, credeste, credessero. Dormire hutoa dormissi, dormissi, dormisse, dormissimo, dormiste, dormissero. Mwenye kuyajua haya sita kwa sita anaweza kuanza kutafuta dalili yake, na asiyeyajua ayakariri kwanza, kwa kuwa tiba zilizomo humu hazitamsaidia bila hayo.

Dalili ya kwanza: umesema «Voleva che io vada» na msikilizaji amekunja uso

Hili ndilo kosa linaloripotiwa kuliko yote, na sababu yake kuu iko katika Kiswahili chenyewe. Sisi husema «anataka niende», «alitaka niende» na «atataka niende», na katika sentensi zote tatu neno «niende» halitikisiki. Umbo letu lenye -e mwishoni halijali kitenzi kilichotangulia kimesimama katika wakati gani. Kiitaliano kinajali. Kitenzi cha kishazi kikuu kikiwa katika wakati uliopo, kishazi tegemezi huchukua congiuntivo presente: vuole che io vada. Kikiwa katika wakati uliopita wa aina yoyote, iwe voleva, ha voluto, volle au aveva voluto, kishazi tegemezi hushuka nacho: voleva che io andassi.

Ukaguzi wake ni mwepesi. Funika kwa kidole kila kilicho baada ya che, kisha usome kilichobaki. Ukiona wakati uliopita, usiandike umbo lolote la congiuntivo kabla hujajiuliza kama tendo la pili linatokea wakati uleule au baadaye. Jibu likiwa ndiyo, umbo ni la imperfetto. Usianze kwa kutazama maana ya tendo la pili, kwa sababu maana hiyo ndiyo inayokuvuta kwenye wakati uliopo: kwenda bado hakujatokea, basi akili inakataa kukuweka katika wakati uliopita.

Sababu ya pili huwapata zaidi wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosomeshwa kwa Kifaransa. Kifaransa cha kila siku husema «il voulait que je vienne», na umbo la zamani, «que je vinsse», limebaki katika maandishi ya fasihi na katika mzaha. Anayehamisha tabia hiyo hudhani congiuntivo imperfetto ya Kiitaliano nayo ni pambo la vitabu. Sivyo. Utaisikia sokoni, hospitalini na katika simu ya mama anayemlaumu mwanawe, na kuikwepa hakukufanyi usikike mtu wa kawaida.

Sababu ya tatu ni ya ujanja kidogo. Katika «Vorrei che tu venissi» hakuna kilichopita hata kimoja: ninataka sasa, nawe utakuja kesho. Hata hivyo vitenzi vya kutaka na kupendelea vikiwa katika condizionale (umbo la «ningetaka»), yaani vorrei, mi piacerebbe, preferirei, sarebbe meglio, huita congiuntivo imperfetto. «Vorrei che tu venga» husikika hata kwa Waitaliano wenyewe, lakini anayesahihisha mtihani huipigia mstari. Kanuni hii isivutwe hadi kwenye kila condizionale. Direi si kitenzi cha kutaka, bali ni njia ya upole ya kutoa maoni, nayo hubaki na wakati uliopo: direi che sia giusto.

Sababu ya nne, ambayo ni adimu kidogo, ni come se. Baada ya maneno haya mawili congiuntivo presente haikai kabisa, hata kitenzi kikuu kikiwa katika wakati uliopo. Anayesema kwamba jirani anaongea kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba atasema «Parla come se fosse il padrone di casa», wala hatasema «come se sia». Kama jambo linalolinganishwa lilikwisha kutokea, congiuntivo trapassato, yaani avessi au fossi pamoja na kitenzi kingine, huingia: come se avesse visto un fantasma. Karibu na hapo kuna maneno ya kutamani ambayo Kiswahili huyaanza kwa «laiti»: magari vincessimo, se solo sapessi, fosse vero. Hayo hayana kishazi kikuu cha kukagua, basi kidole hakina cha kufunika, na itabidi uyakariri jinsi yalivyo.

Tiba ya kina kwa dalili hii yote ni zoezi moja linalochosha lakini linalofaa. Andika sentensi zako mwenyewe za wakati uliopo zenye spero che, voglio che, è necessario che, ho paura che, kisha ubadilishe kitenzi cha kwanza tu kuwa cha wakati uliopita na ulazimishe cha pili kifuate. Spero che tu stia bene huwa speravo che tu stessi bene. È necessario che firmino huwa era necessario che firmassero. Zoezi hili lifanywe kwa sauti, kwa kuwa kosa lenyewe hutokea mdomoni kabla ya kutokea kwenye karatasi.

Angalizo: usirekebishe sentensi ya gazeti inayosema kwamba serikali «ha disposto che le scuole restino chiuse», yaani imeagiza shule zibaki zimefungwa. Passato prossimo, yaani wakati uliopita wa aina ya ha disposto, inapoeleza uamuzi ambao matokeo yake bado yanaendelea, Kiitaliano huruhusu congiuntivo presente. Mpaka huu ni mwembamba na hauamuliwi kwa kanuni ya kidole. Ukifika hapo, muulize mwalimu.

Dalili ya pili: «Se avrei i soldi, comprerei una casa»

Italia kwenyewe kosa hili ni maarufu kiasi cha kutolewa mzaha, na mtu mzima anayelisema hadharani huchekwa kidogo kabla ya kusahihishwa. Kwa Mswahili, hata hivyo, lina mantiki kamili. «Ningekuwa na pesa, ningenunua nyumba» ina -nge- mbili, moja kila upande, na mtu mwenye sikio lililozoea ulinganifu huo hutafuta kiambishi kimoja cha Kiitaliano cha kuweka pande zote mbili. Hukikuta -rei, hukiweka mara mbili, na kazi inaharibika.

Kiitaliano huigawa -nge- mafungu mawili. Upande wenye se hupata congiuntivo imperfetto, na upande wa matokeo hupata condizionale: se avessi i soldi, comprerei una casa. Ukaguzi wa kwanza ni kutafuta se na kutazama kitenzi kinachoifuata moja kwa moja. Kikiishia kwa -rei, -resti au -rebbe katika sentensi ya sharti, kimekosewa. Ukaguzi huu ufanywe kwa makini zaidi sharti linapokuja nyuma, kama katika «Comprerei una casa se avessi i soldi», kwa maana hapo ulimi umekwisha kuonja comprerei na unataka kuendelea na ladha hiyohiyo.

Wengine huvuka upande wa pili na kusema «Se avessi i soldi, comprassi una casa». Chanzo ni kilekile, ulinganifu wa Kiswahili, na tiba ni ileile.

Kabla ya kuchagua umbo, itafsiri nia yako kwa viambishi vyetu, kwa kuwa hapa Kiswahili kinaweza kuwa msaada badala ya kikwazo. Ukiwa unafikiria -ki-, yaani «nikipata pesa nitanunua», congiuntivo haihitajiki hata kidogo: se avrò i soldi, comprerò, au kwa mazungumzo ya kawaida se ho i soldi, compro. Ukiwa unafikiria -nge- ya jambo ambalo kinadharia bado lawezekana au ambalo si kweli sasa, ni avessi na comprerei. Ukiwa unafikiria -ngali- au -ngeli-, jambo limekwisha kupita na halirekebishiki, na hapo huingia congiuntivo trapassato pamoja na condizionale passato: se avessi avuto i soldi, avrei comprato una casa. Tatizo ni kwamba wengi wetu siku hizi tunatumia -nge- kwa yote mawili. «Ungeniambia jana, ningekuja» ina -nge-, lakini jana imepita. Basi usitegemee kiambishi peke yake. Jiulize kama mlango bado uko wazi. Ukiwa umefungwa, ni «Se me l'avessi detto ieri, sarei venuto».

Sababu ya tatu huwahusu waliojifunza kwa kusikia. Wamesikia «Se lo sapevo, venivo», nao hawakusikia vibaya. Waitaliano husema hivyo kwa wingi katika mazungumzo, imperfetto indicativo (umbo la kawaida la «nilikuwa nikifanya») pande zote mbili, kwa maana ya «se l'avessi saputo, sarei venuto». Kwa rafiki kibarazani inapita. Katika mtihani, barua ya maombi ya kazi au insha haipiti. Kisichopita mahali popote ni mchanganyiko, «Se avevo i soldi, comprerei», ambao aghalabu huletwa na mazoea ya Kifaransa cha «si j'avais».

Angalizo, na hili ni la kuzingatiwa sana: si kila se ni ya sharti. «Mi chiese se sarei venuto» ni sentensi sahihi kabisa. Se hiyo hufuata kitenzi cha kuuliza au cha kutojua, na kazi yake ni ile ya «iwapo» katika «aliniuliza iwapo ningekuja». Mwanafunzi aliyekwisha kuadibishwa juu ya «se avrei» huingia hapa kwa shoka na kuukata mti mzima. Tazama kwanza kitenzi kilichotangulia; kikiwa cha kuuliza, weka shoka chini.

Dalili ya tatu: kitenzi kimeundwa vibaya

Hapa kuna habari njema. Chukua nafsi ya kwanza umoja ya imperfetto indicativo, ondoa -vo, weka -ssi. Parlavo hutoa parlassi, facevo hutoa facessi, dicevo hutoa dicessi, bevevo hutoa bevessi, traducevo hutoa traducessi, ponevo hutoa ponessi. Vitenzi vinavyowatesa watu katika nyakati nyingine huingia hapa bila matata, mradi uanzie kwenye imperfetto na si kwenye kitenzi-jina. Aliyeandika «fassi» au «bessi» alianzia kwenye fare na bere.

Vitenzi vitatu tu hukataa njia hii. Essere hutoa fossi, fossi, fosse, fossimo, foste, fossero. Dare hutoa dessi, na stare hutoa stessi, ingawa imperfetto zao ni davo na stavo. «Dassi» na «stassi» ni makosa ambayo Waitaliano wengi wanayafanya, kwa hiyo kuyasikia mitaani si ushahidi wa usahihi wake. Vitenzi vilivyozaliwa na hivyo viwili hufuata wazazi wao, kama ridare na sottostare, lakini restare, bastare na prestare si ndugu zao hata kama mwisho unafanana: restassi, bastasse, prestassero.

Kosa adimu zaidi ni kuandika «dissi» ukitaka dicessi. Dissi lipo, ila ni passato remoto, «nilisema». Aina hiyohiyo ya mkanganyiko huonekana katika noi: parlammo ni tulisema, parleremmo ni tungesema, parlassimo ndiyo yetu. Umbo «parleressimo», lililounganisha mawili, husikika katika baadhi ya maeneo ya kaskazini kwa mvuto wa lahaja, na halikubaliki katika Kiitaliano sanifu.

Wenye Kilatini, hasa waseminari, huingia katika shimo lao la peke yao. Wanakumbuka kwamba imperfetto ya congiuntivo katika Kilatini ni amarem, na wanashangaa -ss- ilitoka wapi. Umbo la Kiitaliano halikutokana na amarem. Limetokana na plusquamperfectum, umbo la jambo lililokwisha kutokea kabla ya jingine, amavissem, iliyofupishwa kuwa amassem, na fossi vilevile imetoka kwa fuissem. Kwa hiyo Kilatini kitakupa sura ya neno lakini kitakudanganya kuhusu wakati wake.

Dalili ya nne: umesema sawa, lakini hawakusikia ulichosema

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila ubaguzi. Katika maumbo manne kati ya sita tabia hiyo haina madhara, kwa sababu parlàssi ya io, parlàssi ya tu, parlàsse na parlàste huangukia hapohapo. Madhara yako katika mawili. Noi na loro hutaka mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho: parlàssimo, parlàssero, facéssimo, facéssero, fóssimo, fóssero. Mswahili aliyechoka husema «parlassìmo» na «parlassèro», na msikilizaji hulazimika kurudi nyuma kutafuta neno.

Jambo la pili ni -ss-. Kwetu konsonanti ya aina hii hairefushwi ili kubadilisha maana, na kwa Waitaliano hubadilisha: casa ni nyumba, cassa ni sanduku au kaunta ya kulipia. S moja katikati ya irabu, kaskazini hasa, husikika kama z. Fosse ikitamkwa kwa s fupi hupoteza alama yake kuu ya utambulisho. Ukaguzi ni kujirekodi kwenye simu ukisoma «Speravo che partissero» na kusikiliza kama pumzi inasimama kidogo juu ya ss kabla ya kuendelea. Isiposimama, irudie polepole kwa kugawa par-tis-se-ro, huku mkono ukipiga meza kwenye tis. Mazoezi ya peke yako yasipobadilisha kitu, tafuta mtu wa kukusikiliza ana kwa ana, kwa kuwa sikio la mzungumzaji mwenyewe huzoea kosa na kuacha kulisikia.

Dalili ya tano: umeulizwa «Chi, io o tu?»

Io na tu zina umbo moja. «Voleva che venissi» inaweza kumaanisha alitaka nije, na inaweza kumaanisha alitaka uje. Katika Kiswahili ni- na u- hufanya kazi hiyo daima, hivyo hatushuku kwamba kuna kitu kimekosekana. Weka kiwakilishi: voleva che io venissi, voleva che tu venissi. Mwalimu aliyekufundisha kuacha io na tu katika Kiitaliano alikuwa sahihi kuhusu indicativo, lakini hapa ushauri wake haufai. Maumbo ya voi nayo hufanana na passato remoto, parlaste kwa parlaste, lakini che iliyotangulia kwa kawaida huondoa utata.

Dalili ya sita: umeeleweka, ila mambo yamepangwa kwa wakati usio wako

Ulitaka kusema ulidhani amekwisha kufika, msikilizaji akaelewa ulidhani yuko njiani. Kiswahili kina mpangilio safi sana hapa, na inafaa uutumie. «Nilidhani anakuja» hutoa credevo che venisse. «Nilidhani amekuja» hutoa credevo che fosse venuto. «Nilidhani atakuja» hutoa credevo che sarebbe venuto. Yaani -na- huitika kwa congiuntivo imperfetto, -me- kwa trapassato, na -ta-, baada ya vitenzi vya kudhani, kwa condizionale passato. Anayezungumza Kiingereza hana ufunguo rahisi kama huu, maana lugha yake humlazimisha kurudisha vitenzi nyuma pamoja na kitenzi kikuu.

Ufunguo huu una kikomo. Baada ya vitenzi vya kutaka na kuogopa, congiuntivo imperfetto hubeba pia jambo la baadaye: temevo che piovesse ni kuogopa mvua ambayo bado haijaanza. Speravo hukubali yote mawili, che venisse na che sarebbe venuto, na tofauti iliyobaki kati yake ni ndogo kiasi kwamba sioni sababu ya mwanafunzi wa ngazi ya kati kuihangaikia.

Sababu ya mwisho katika kundi hili ni ya wanafunzi waliokwisha kupiga hatua. Wamejifunza kwamba kitenzi kikuu cha wakati uliopo huita congiuntivo presente au passato, na wanashindwa kukubali «Penso che quel giorno fosse malato». Sentensi hiyo ni sahihi. Inasema nadhani siku ile alikuwa mgonjwa, na ugonjwa unaelezwa kama hali iliyokuwa ikiendelea. Ukiondoa penso che, kilichobaki kingekuwa «quel giorno era malato». Pale era inapostahili peke yake, fosse ndiyo inayoingia nyuma ya penso che; pale inapostahili è stato, huingia sia stato.

Dalili ya saba: congiuntivo imejaa kila mahali

Baada ya kusahihishwa mara nyingi, mwanafunzi huanza kuimwaga hata pasipohitajika, na wenyeji huona haya kumkosoa kwa sababu inasikika ya kisomi. Chunguza kwanza kama kishazi kikuu na kishazi tegemezi vina mtenda mmoja. «Nilidhani nimechelewa» haitoi «credevo che io fossi in ritardo», bali hutoa credevo di essere in ritardo. «Ningependa nije» ni vorrei venire, na che hutoka kabisa.

Kisha tazama kitenzi kikuu kinadai au kinathibitisha. Sapevo che era malato, kwa sababu nilijua. Non sapevo che fosse malato, kwa sababu sikujua. Viunganishi navyo hudanganya kwa kufanana maana. Benché na sebbene huchukua congiuntivo, anche se ya jambo la kweli huchukua indicativo. Prima che arrivasse ni sawa, «dopo che arrivasse» si sawa. Forse na secondo me, ingawa zina shaka ndani yake, hazigusi kitenzi hata kidogo.

Angalizo: baada ya dire na raccontare, usibadilishe era kuwa fosse ili sentensi ipendeze. «Ha detto che il contratto era firmato» humpa aliyesema dhamana ya maneno yake kama kawaida. Kuweka fosse hutia wingu la shaka ambalo huenda hukulikusudia. Katika barua kwa rafiki hilo si kitu. Katika maelezo yatakayosainiwa mbele ya polisi, mwajiri au wakili, ni kitu kikubwa.

Dalili ya nane: umesikia au umesoma umbo ambalo halimo kwenye jedwali

Ukiwa Roma au kusini zaidi, mwenye duka anaweza kukuambia «Venisse, signora» au «Mi dicesse». Anakukaribisha na kukuuliza shida yako kwa heshima. Ni desturi ya kieneo ya kutumia imperfetto mahali ambapo Kiitaliano sanifu huweka venga na mi dica. Mwitikie bila kumsahihisha, na usiiandike.

Katika maandishi ya zamani, nafsi ya kwanza huweza kuishia kwa -e. Dante, katika wimbo wa 13 wa Inferno, ameandika «Cred'io ch'ei credette ch'io credesse», ambapo leo ingekuwa io credessi. Avessino na fussi za Kifirenze cha kale ni za aina hiyohiyo. Hazihitaji kurekebishwa, wala hazikupi ruhusa ya kuandika hivyo leo.

Pale pa kuacha kujitibu

Kuna hali tatu ambapo ukaguzi wa nyumbani unapaswa kukoma. Ya kwanza ni pale kosa lilelile linaporudi ingawa umelitambua na kulirekebisha kwa maandishi. Hiyo ni kazi ya mwalimu anayeweza kukusikia ukizungumza bila maandalizi. Mpelekee sentensi zako mbovu jinsi zilivyo, kila moja ikiwa na sentensi ya Kiswahili uliyotaka kuisema kando yake, maana bila hiyo hataweza kujua kama ulikusudia -ki-, -nge- au -ngali-.

Ya pili ni mtihani. CILS ya Università per Stranieri di Siena, CELI ya Perugia na PLIDA ya Società Dante Alighieri zina mitindo tofauti ya maswali, na mtu anayefahamu mtihani husika atakuambia haraka zaidi kuliko kitabu chochote ni maumbo gani utadaiwa kuyaunda na yapi utadaiwa kuyatambua tu.

Ya tatu ni nyaraka. Cheti, hati ya mahakama au mkataba unaotafsiriwa kutoka Kiswahili kwa matumizi rasmi nchini Italia huhitaji mtafsiri anayeapa juu ya tafsiri yake, na hata mtu mwenye Kiitaliano kizuri hashauriwi kuutafsiri mwenyewe. Na mshtakiwa asiyejua Kiitaliano ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo chini ya kifungu cha 143 cha sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya Italia. Anayejiona anakimudu Kiitaliano cha sokoni lakini bado anasita kati ya era na fosse aiombe haki hiyo mapema, kabla hajaanza kueleza alichokiona.